Mjukuu mtundu kaja likizo: namna ya kumfaidi bila mtu kuumia

Jamani mabibi na mababu wenzangu, shule zikifungwa tu nyumba zetu zinajaa. Wale wakubwa hawana shida, wanapotelea huko nje mpaka njaa iwarudishe, ila yule wa mwisho, wa mwaka mmoja mpaka miaka minne hivi, huyo anashinda na wewe ndani, na haipiti wiki kashaingia kila kabati na kila sufuria, na mi leo naongelea huyo huyo. Watu wananiuliza mbona mtoto anamwaga unga na wewe unacheka tu. Nacheka kwa sababu napenda, utundu wa mjukuu ndo starehe yangu kubwa ya uzee huu na sijaona kinachoizidi, lakini ili uipate hio starehe kuna mambo ya kuyaweka sawa kwanza, la sivyo utashinda unapiga kelele "acha, toka, weka chini" mpaka jioni sauti imekauka, mtoto kalia, we presha imepanda, na likizo imeisha hamjafaidiana.

Mi niko Tanga, nyumba ya kawaida, ua nyuma, kuku kidogo, jiko la mkaa na la gesi. Naandika kwa nyumba kama hii, we wa ghorofani utapunguza utaongeza.

Anza na nyumba kabla mtoto hajashuka kwenye basi

Siku moja kabla hajafika, shuka chini kabisa, magoti na mikono, uzunguke nyumba nzima hivo hivo. Magoti kama hayataki buruta kigoda, kaa, sogea, kaa tena. Sisi nyumba tunaiona toka juu ndo maana tunadhani ipo sawa. Ukiwa huko chini utaona waya wa friji unavyoning'inia, utaona ncha ya kitambaa cha meza imekaa tayari kuvutwa na juu yake kuna chupa ya chai ya moto, utaona chini ya kochi kuna kidonge chako kilidondoka hata hukumbuki lini.

Sasa vya kuondoa, na hapa naomba msome taratibu maana ndo penyewe.

Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, toa. Mtoto anajua chupa ya soda ina soda, hana kosa. Pamoja nayo dawa ya panya, dawa ya mende, jiki, vyote juu kabisa kwenye kabati la kufungwa na viwe kwenye chupa zake vilivyonunuliwa nazo. Na ikitokea amekunywa mafuta ya taa usimtapishe, tena usimsikilize jirani anayekuja mbio na maziwa, yale mafuta yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo balaa linapoanza, we mbebe mtoto, beba na hio chupa, hospitali.

Dawa zetu wazee. Hizi tunazisahau sababu tumezizoea, ziko kwenye mkoba, ziko chini ya mto, ziko kwenye kibweta kando ya kitanda. Kidonge kimoja cha kisukari cha mtu mzima kinaweza kuishusha sukari ya mtoto mdogo mpaka akazimia, na za presha nazo zinaweza kumzimisha. Mkoba wa bibi utundikwe msumarini, juu, na mgeni akija na mkoba wake nao utundikwe.

Maji. Ndoo, beseni la kufulia, pipa la uwani. Mtoto mdogo akiinama kwenye ndoo kichwa kinamzidi uzito anaingia mzima mzima, na maji ya kina cha sentimita 5 tu yanatosha kumzamisha, tena kimya, hapigi kelele. Ndoo isiyotumika iinamishwe, pipa lifunikwe na kifuniko kibanwe na jiwe la maana.

Jiko la mkaa libaki uwani na mtu mzima awepo muda wote lina moto, hata ukiona mkaa umekuwa jivu, chini unaungua bado. Mbuzi ya kukunia nazi itundikwe ukutani na lile jino lake lifungwe kitambaa. Akiungua, maji ya bomba yatiririke pale pale dakika 20, usipake dawa ya meno wala yai wala asali, kisha funika na kitambaa kisafi mpeleke.

Vidogo vidogo. Zile betri za duara bapa za saa na za rimoti ndogo, hizo akimeza ni hospitali sasa hivi sio kesho, zinachoma koo ndani ya saa mbili. Karanga nzima, njugu, peremende ngumu, na ubuyu wenye kokwa, mwenye chini ya miaka mitano asipewe hata akililia. Najua mnasema mtoto akililia wembe mpe, mi wembe simpi na ubuyu simpi, nitampa kitu kingine cha kulilia. Kipimo changu ni kile kigunzi cha katoni cha ndani ya tishu ya chooni, chochote kinachopita humo ndani mtoto wa chini ya miaka mitatu asikishike.

Na maharage, maana hilo lipo kila nyumba, watoto wanapenda kulitia puani. Usimwage maji puani, harage linavimba. Usichokonoe na pini, unalisukuma ndani. Mama yake au wewe, mzibe pua ile nyingine isiyo na harage, weka mdomo wako kwenye mdomo wake kama unambusu, puliza kwa nguvu mara moja kwa mkupuo, mara nyingi linatoka lenyewe. Halijatoka, nenda kituo cha afya.

Basi. Hayo yote ukishayafanya asubuhi moja imekwisha na wewe umejipa ruhusa ya kufurahi wiki zote zilizobaki, maana kilichobaki pale chini kikimwagika kimemwagika tu, hakuna mtu anakufa.

Weka neno moja la hatari

Hili nalipenda kuliko yote. Chagua neno moja, mi langu ni "simama", na hilo neno lifungie kwa ajili ya moto, barabara, kisima na nyoka, basi, usilitumie kwa kitu kingine chochote. Akimwaga sukari usiseme simama. Akivuta mapazia usiseme simama. Ukilitumia kila saa linageuka kelele za bibi kama kelele za jogoo, halishtui tena, ila ukilihifadhi siku unalitamka anaganda pale pale mguu mmoja juu. Wengi wetu tunasema hapana kwa unga, hapana kwa maji, hapana kwa rimoti, hapana kwa kuku, halafu siku mtoto anaelekea kwenye jiko tunasema hapana na yeye anaendelea kutembea, kwa nini asiendelee, hapana kwake ni mlio tu.

Kwa mambo mengine, ongea kawaida. "Hio ya babu, lete tubadilishane." Unampa kitu unachukua kitu. Watoto wanapenda biashara.

Mpe kabati lake

Jikoni kwangu kabati la chini kabisa la kushoto ni la wajukuu. Ndani nimeweka sufuria ndogo na mifuniko isiyolingana nayo, mwiko, upawa, kata ya kifuu, kung'uto, kawa lililochakaa, vikombe vya plastiki, kanga chakavu, na magunzi ya mahindi yaliyokauka vizuri. Vitu vya kweli, sikununua dukani. Midoli ya plastiki wanaletewa ile inayoimba, inachezewa siku ya kwanza, kesho yake iko chini ya kitanda, lakini sufuria yangu hawaichoki maana wameniona naitumia. Mtoto anataka kitu ambacho mtu mzima anakitaka, ndo siri yenyewe hio.

Ukiweka kabati lake anza kwa kulifungua mbele yake, toa kitu kimoja, kigonge, kirudishe, ondoka. Usimfundishe. Utamkuta baada ya muda yuko ndani yeye mwenyewe kakaa humo humo, vyombo viko nje.

Na unga je? Unga una siku yake. Usiache pakti ya kilo mbili sakafuni, kila siku hautaweza, bei mnazijua. Mi natenga ule uliochekechwa ukabaki makapi, au wa zamani ulioingia wadudu, nusu kikombe kwenye sinia kubwa uwani chini ya mwembe, na tunaita kazi. Siku nyingine mchanga. Siku nyingine maji kwenye beseni la chini, kina cha vidole viwili, na mi nimekaa hapo hapo sinyanyuki hata simu ikiita, tukimaliza maji yanakwenda kwenye mchicha. Kwenye mgao wa maji yale ya kusuuzia mboga yanatosha.

Lakini utundu wa kupangwa sio ule mtamu kabisa, nisiwadanganye. Mtamu ni ule anaojitungia mwenyewe.

Kaa uangalie

Mume wangu wa miaka miwili na kitu, (kwetu bibi na mjukuu wa kiume ndo tunaitana hivo, anajua kabisa ana mke Tanga), juzi kavuta pakti ya ngano nilioiacha kwenye stuli. Pu! Chini. Mi niko mlangoni na ungo wa mchele. Sikusema kitu. Yeye akakaa katikati ya ule unga, akachora na kidole mstari mrefu polepole, akanyanyua kidole akakitazama, akakilamba, akakunja uso, akaendelea kuchora. Akaenda akaleta ndara ya babu yake, akaiweka kwenye mstari, akaiendesha vuuuuu, mdomo umejaa mate, akafika mahali akaisimamisha akasema "Segera". Segera jamani! Ndo pale basi la kutoka Dar linapoachana na njia ya Moshi likakunja kuja kwetu. Halafu akachota unga konzi nzima akaninyooshea juu juu kama mtu yuko nje ya dirisha la basi, "machungwa bibi, machungwa". Mtoto kaibeba safari yote kichwani, njia panda, wachuuzi, machungwa ya Muheza, na wote tulidhani alilala njia nzima. Ningepiga kelele pale pakti ilipoanguka Segera nisingeiona. Unga ule niliuzoa kwa dakika tano. Kuku walikula.

Kwa hio hatua yenyewe ni hii, ukisikia kitu kimeanguka, kwanza tizama mikono yake na uso wake. Damu hamna, moto hamna, kioo hamna? Basi rudi nyuma hatua moja, kaa, nyamaza. Usiulize "unafanya nini" maana hataki kuhojiwa, akihojiwa anaacha. Muda ukipita kidogo utaelewa anachofanya, na ukielewa utacheka kwa raha mpaka kanga ianguke.

Inasaidia pia kujua wa umri gani anataka nini. Wa miezi tisa kumi anadondosha. Unampa kijiko anadondosha, unaokota, anadondosha, na sisi tunasema huyu ana jeuri. Hana jeuri, anapima. Kuna mzee mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, alikuwa anakaa na wanae watatu nyumbani anaandika kila wanachofanya, na kwenye kitabu chake cha mwaka 1936 ameandika mwanae Laurent, hajafika hata mwaka, amelala chali anadondosha vitu vyake kimoja kimoja, mara kanyoosha mkono mbele, mara pembeni, mara juu zaidi, anatazama kinavyoanguka. Yaani kile tunachomkemea mtoto kwenye kiti cha kulia uji mwenzetu alikikalia kitako akakiandikia kitabu. We mfungie kijiko kwa uzi mfupi, usizidi shubiri moja usije ukamzonga shingoni, basi mgongo wako utapumzika.

Wa mwaka mpaka mwaka na nusu anatoa na kutia. Kapu la vitunguu anatoa vyote anatia kwenye kiatu. Kiatu kimojawapo kitapotea, kiko kwenye ndoo ya taka, angalia huko kabla hujatupa.

Wa mwaka na nusu mpaka miwili anaiga. Huyo ndo anajifunga kanga yako, anakwenda mpaka mlangoni, "hodi hodi", anajijibu karibu, anakaa, anapumua "haaaa" vile vile unavyopumua wewe ukikaa. Anaweka rimoti sikioni anakaripia mtu. Hapa msikilize kwa makini maana atayasema yale yale unayomwambia mama yake kwenye simu, na kwa sauti yako.

Wa miaka miwili mitatu anataka mwenyewe. Kuvaa mwenyewe, kumimina mwenyewe, kufagia mwenyewe na ufagio wa chelewa kaushika chini juu. Mpe jagi dogo nusu, amimine kwenye sinia, mwache.

Wa miaka minne anaficha na anatunga. Huyu ni hatari na ni raha tupu. Mjukuu wangu wa kike wa umri huo alichukua miwani ya babu yake akaizika ndani ya debe la mchele, babu akaanza kuzunguka nyumba, miwani yangu jamani, na mtoto akasimama kumsaidia. Anainua mto, "hamna". Anachungulia chini ya kiti, "hamna babu". Uso mkavu kabisa, mikono nyuma kama mtu wa ofisini, ila kila mara jicho linakimbilia kwenye debe halafu linarudi haraka. Babu akaliona lile jicho. Akajifanya hajaliona, akamuuliza, mchumba, sasa ntakusomea vipi sioni? Mtoto akafikiri. Unaona kabisa anafikiri. Akasema "labda mchele umevaa". Sasa mtu mzima gani angejibu hivo? Kuficha namna ile maana yake kashajua kwamba analolijua yeye babu halijui, hio ni akili kubwa imefika, na tulichotakiwa kufanya siku hio ni kusherehekea sio kutafuta fimbo.

Cheka, ila ujue unachokichekea

Mtoto anarudia kilichochekewa. Hio ni kanuni, haina ujanja. Kwa hio cheka kwa sauti yale ambayo uko tayari kuyaona tena kesho na kesho kutwa, unga, kanga, hodi hodi, mchele umevaa. Lakini akimpiga paka, akimng'ata mwenzake, akimtemea mtu, hata kama kafanya kwa namna inayochekesha, na kweli saa ingine inachekesha mno, geuka, jifunike kanga usoni, ingia chumbani ucheke huko, ukirudi uso uwe wa kawaida na umwambie kwa ufupi paka anaumia. Mi na babu yao tumekubaliana, mmoja akishindwa kujizuia anaondoka mwingine anabaki.

Na usimcheke yeye mwenyewe akiwa ameshindwa au anaona haya. Kajikojolea, kaanguka, kachanganya neno, hapo hapachekwi mbele yake. Tunacheka alichokibuni. Watoto wanaijua tofauti hio mapema kuliko tunavyodhani, utaona akichekwa kwa furaha anakuangalia machoni, akichekwa kwa kudharauliwa anaficha uso.

Wapo watakaokuambia unamdekeza. Wataleta na samaki mkunje angali mbichi. Mi nawaambia kudekeza ni kumpa kila anachokitaka ili anyamaze, mi sitaki anyamaze. Na tena kwetu sisi babu na bibi ni watani wa wajukuu, imekuwa hivo tangu kwa bibi zetu, yale ambayo mtoto akimwambia baba yake ni kofi kwa babu anayamwambia na babu anamjibu la kwake. Ile nafasi ipo kwa makusudi, mtoto lazima awe na sehemu moja duniani ya kujaribu ulimi wake na mikono yake bila kuogopa. Mcheza kwao hutunzwa, na kwao ni hapa.

Kusafisha ni sehemu ya mchezo

Hapa wengi wanakosea, wanamtoa mtoto nje halafu wanasafisha wenyewe huku wananung'unika. Safisheni pamoja. Mpe kitambaa kibichi chake, kidogo, na umuoneshe sehemu yake, "hapa pako, pale pangu". Atapaka zaidi ya kufuta, sawa, mwache akishike kitambaa chake. Unga kwanza ufagie mkavu kabla hujatia maji, ukitia maji umepata ugali wa sakafu utakwangua mpaka adhuhuri. Mafuta mwagia majivu au unga wa mahindi, subiri yanywe, zoa. Michoro ya kalamu ya wino ukutani, jaribu kidogo dawa ya meno nyeupe na kitambaa kibichi kwenye kona isiyoonekana uone kama rangi ya ukuta inavumilia. Ule wa mkaa usiufute haraka, kaangalie kwanza amechora nini.

Usilipe pipi kwa kusafisha. Mwambie tu babu akirudi, mbele ya mtoto, "leo huyu kafuta sebule." Utaona kifua kinavyotoka.

Simu

Mtoto akishikishwa simu anatulia kweli, nyumba inakuwa kimya, na ule utundu wote unaenda na maji. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ndo bora. Mi yangu naificha. Ukiwa umechoka, na tunachoka jamani mgongo ni ule ule, mlaze mchana baada ya kula na wewe ulale, usitumie huo muda kufua.

Kwa walio na wajukuu Muscat au Toronto huko hio simu ndo njia pekee na hamna namna, basi mwambie mama yake asimkalishe mtoto mbele ya simu "msalimie bibi, sema shikamoo", mtoto ataganda au atakimbia. Aiegemeze simu chini sakafuni pale anapochezea, aondoke. We kaa kimya uangalie. Ataisahau simu, atafanya mambo yake, halafu ghafla atakuja kukuonesha kijiko karibu kabisa mpaka huoni kitu zaidi ya pua. Hapo ndo umempata.

Wazazi wake

Ongea nao kabla, wala usisubiri waone. Mwambie mkweo, huku kwangu kuna kabati la kumwaga na kuna sinia la unga, kwenu mna utaratibu wenu, mtoto atauelewa wote miwili. Na anauelewa kweli, watoto wanajua kwa bibi inafanyika hivi na kwa mama vile, kama wanavyojua msikitini hapakimbiwi na uwani panakimbiwa. Akiwa mama yake yupo na amekataza kitu, usimgeuzie neno mbele ya mtoto, mkamalizane chumbani. Na likitokea lolote, kaanguka, kaungua kidogo, kameza kitu, mama yake aambiwe siku hio hio kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Akikuamini kwenye hayo atakuachia mtoto na likizo ijayo.

Na mtumie sauti. Mi jioni narekodi vile vituko vya siku kwa sauti yangu naweka WhatsApp kwenye grupu la familia, dakika moja moja, tarehe naitaja mwanzoni, na umri wa mtoto. Picha zinaonesha mtoto kasimama tu kavaa vizuri, ila lile "labda mchele umevaa" picha hailibebi. Picha akiwa uchi anaoga usitume kwenye grupu lolote, hata liwe la ndugu.

Siku ya kuondoka

Kagua begi lake usiku ule, mama yake akiwa amelala. Utakuta mwiko, utakuta gunzi mbili tatu, utakuta ufunguo wa stoo na rimoti ya king'amuzi. Ufunguo na rimoti vitoe. Mwiko muachie, nunua mwingine sokoni. Halafu asubuhi wakishaondoka shika kila kiatu chako na cha babu kitikise nje kabla hamjavaa, na debe la mchele lipekue mpaka chini kwa mkono.